Tulipoachana Kedowa

Watu wa kwetu wakikuona unatembea kwa miguu barabarani, mmefuatana watatu, mmevaa vizuri na hamna mzigo wa soko, wanajua kuna mtu amekufa. Ndiyo maana mazoezi yetu ya hija yalitupa taabu. Kila Jumapili baada ya misa tulitoka Litein mpaka Kapkatet na kurudi, ili miguu izoee, na kila mara mtu alisimama, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni nani?" Tukisema hakuna aliyekufa, tunatembea tu, alitutazama kama watu wanaoficha maiti. Mwishowe Mwenyekiti alichoka, akaanza kujibu, "Ni mimi, nitazikwa Alhamisi," tukapita tukicheka mpaka mbavu zinauma. Nikikumbuka kicheko hicho sasa naumia mahali pengine kabisa.

Huyo Mwenyekiti simtaji jina, na mwenyewe hangetaka. Kila mtu alimwita hivyo kwa sababu aliongoza jumuiya yetu ndogo ya kanisa, na kama mvua ingekuwa na kamati angeiongoza hiyo pia. Mimi na yeye tuliolewa mwaka mmoja kwenye kilima kimoja, mashamba yetu ya chai yakitenganishwa na njia ya ng'ombe tu. Mimi nilitoka upande wa chini wa Bomet, kwa watu wa mahindi. Kuchuma majani mawili na chipukizi nilifundishwa na yeye, akinipiga vidole kila nilipong'oa jani gumu. Wa tatu wetu alikuwa mtu wa ziwani. Mume wake alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, na yeye aliuza omena na samaki wa kukaanga sokoni Litein. Tulimwita Mama Samaki, naye akatuita "nyinyi watu wa maziwa." Siku ya kwanza alipokuja kwenye jumuiya alikosa mahali pa kukaa. Mwenyekiti akamwinua mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa vizuri, akampa yeye kile kiti, na tangu hapo tukawa watatu.

Kati yetu, mimi peke yangu sikuwa mama wa mtu. Kwetu mwanamke akishazaa jina lake linapumzika, anaitwa mama wa fulani. Langu halikupumzika. Mume wangu alikuwa mtu mpole, hakunifukuza wala hakuongeza mke, na alipokufa aliniacha na nyumba ya mabati, ng'ombe wachache, na majani chai yanayoteremka mpaka mtoni. Nyasi hazijaota vizuri kaburini, shemeji yangu mkubwa alianza kupita shambani kila asubuhi, mikono nyuma, akiitazama ile mistari ya chai kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

Nyumba ya namna hiyo ina dawa yake ya zamani kwetu Wakipsigis. Mwanamke asiye na mtoto, akishavuka umri wa kuzaa, anaweza kuoa mke. Anapeleka posa kama mwanamume, anatoa ng'ombe kama mwanamume, na watoto watakaozaliwa na yule msichana, kwa mwanamume atakayekubaliwa, wanakuwa wa nyumba yake. Wanalichukua jina la marehemu na shamba linabaki mahali pake. Si mambo ya kitandani, kama wageni wanavyodhani wakisikia mara ya kwanza. Ni mambo ya kuhakikisha nyumba haizimiki. Mama mkwe alikuwa ameshaniambia waziwazi: ama nioe, ama nimwachie shemeji. Lakini padre naye alikuwa amesema waziwazi, na katekista akarudia kwa sauti kubwa zaidi: mwanamke akioa mke, komunyo basi. Na mimi nilikuwa mtu wa komunyo. Tangu nikiwa msichana wa shule sikuwahi kukaa kwenye benchi wenzangu wakienda mbele. Nikabaki katikati, sili nikashiba, silali nikalala.

Hija lilikuwa wazo langu. Kule Subukia, ng'ambo ya Nakuru, kuna mlima ambao Wakatoliki wanaupanda kumwomba Bikira. Wengi wanaenda kwa basi la parokia, wanaimba, wanarudi jioni. Mimi nilitaka kwenda kwa miguu, nifike siku ya Kupalizwa, niulize swali moja tu: nioe au nisioe?

"Mungu haulizwi kitu alishakataa," Mwenyekiti alisema. Tulikuwa kwangu jikoni, watatu.

"Amekataa wapi? Nionyeshe."

"Uliza padre."

"Padre ako na nyumba ya parokia. Hiyo haiwezi zimika."

Mama Samaki aliweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Mko na bahati, nyinyi watu wa maziwa. Kwetu wewe ungekuwa umerithiwa zamani. Ndugu ya marehemu ameshaingia, amevua viatu."

"Huyo shemeji? Heri nilale na ng'ombe."

Mwenyekiti hakucheka. Lakini asubuhi yake alivuka njia ya ng'ombe kabla sijakamua, akasimama mlangoni. "Nitaenda na wewe," akasema. "Lakini mimi siendi kuuliza. Naenda kukuombea upate nguvu ya kukataa." Nikamjibu kila mtu abebe nia yake, barabara ni pana. Siku hiyo niliona nimesema neno la busara sana.

Shida ya mtu wa chai ni kwamba majani hayajui hija. Unachuma wiki hii, wiki ijayo yamechipua tena, na ukiyaacha yanapanda juu yawe miti. Njia pekee ya kupata likizo ni kuyapogoa: ukishakata kichaka mpaka kwenye fito, kinakaa miezi bila kudai mkono. Mtu mwenye akili anapogoa kipande kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao, ili kikapu kisikose kitu. Mimi na Mwenyekiti tulikata yote, mwezi mmoja, kilima kizima kikabaki vijiti. Bwana wake alishika kichwa kwa mikono miwili. Shemeji yangu alikuja na furaha aliyoshindwa kuificha, akidhani nimeanza kumwachia shamba. Nilimkaribisha chai, nikamwekea sukari nyingi.

Kuhusu viatu tuligombana wiki nzima. Mwenyekiti alisema atatembea na gambuti zake, maana amechuma nazo chai miaka yote na hazijawahi kumtoa hata lengelenge. Tulimwambia kuchuma si kutembea, akasema mguu ni mguu. Mama Samaki alinunua raba nyeupe za mtumba zilizomkaza, kwa sababu zilikuwa nzuri. Mimi nilivaa akala za tairi, nikachekwa na wote wawili. Halafu wanawake wa jumuiya walianza kuja na nia zao tuwabebee: mume anayekunywa, mtoto wa mtihani, mmoja alitaka tumwombee ng'ombe wake aache kupiga teke. Mwenyekiti alizipokea zote kwa uzito ule ule.

Jambo moja hatukulichekea. Haikuwa miaka mingi tangu watu wafukuzane mashambani kule juu, Londiani na Molo, na Mama Samaki hakuwa wa kabila letu. Mume wake alikataa. Mwenyekiti alienda mwenyewe mpaka nyumba za wafanyakazi, akakaa mbele ya yule fundi. "Atatembea katikati yetu," akamwambia. "Mtu akitaka kumfikia, atapitia kwangu." Fundi alimpima kwa macho, akaona upana wa mabega yake, akakubali.

Tulitoka mwezi wa nane, asubuhi ya ukungu, tukiwa na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, unga wa mahindi uliokaangwa, na blanketi moja kila mtu. Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Mpaka Kericho barabara inapita kati ya mashamba makubwa ya chai, na wachumaji walioinama waliinuka kutupungia. Mwenyekiti alianzisha rozari kwa Kipsigis, Mama Samaki akaitikia kwa Kijaluo, mimi nikaitikia kwa Kiswahili kuwapatanisha. Tulilala kambini karibu na mji, kwa binamu ya Mama Samaki, mchumaji wa mashamba hayo, watu wanane katika chumba kimoja na ugali mkubwa katikati. Miguu ya Mwenyekiti ilikuwa imeivia ndani ya gambuti. Aliikanda kwa maji ya chumvi, akatuambia tusimtazame.

Siku ya pili, tulipopita mji na kuanza kupanda, Mama Samaki aliitikia rozari kwa Kiswahili. Hakuna aliyemwambia. Mahali fulani tuliona nyumba iliyochomwa, nguzo nyeusi tu zimesimama na maboga yametambaa juu yake, na Mwenyekiti alisogea kidogo akatembea upande ule, ili mwenzetu asiione. Alikuwa ameshaiona. Nataka watu wajue Mwenyekiti alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu mbele nitasema mambo mengine.

Mchana tulipokaribia Kedowa mbingu ilifunga ghafla. Mtu wa chai anaogopa mvua ya mawe kuliko moto, maana inaweza kumaliza shamba wakati sufuria inachemka. Ilianza kutupiga mgongoni, mawe ya ukubwa wa punje za mahindi, halafu makubwa zaidi. Tulikimbia, Mwenyekiti akipiga kelele ndani ya gambuti zake, tukaingia boma la kwanza tuliloliona bila hata kubisha hodi.

Ilikuwa nyumba ya mwanamke mzee, mrefu, mwenye sauti kavu. Alitupa mahali karibu na moto, akatuambia tuvue nguo za juu zikauke. Alikuwapo mwanamke mwingine wa makamo akisonga kimyet, ugali wa kwetu, na watoto wa kila kimo. Nilidhani ni mkwewe, mke wa mwanawe. Halafu nikamsikia yule wa makamo akimfokea mzee kwamba amesahau kuingiza ndama, na mzee akimjibu, "Wewe ndiye nilikutolea ng'ombe, nenda uingize." Wote wakacheka, hata watoto. Ndipo nikaelewa nimeketi wapi.

Mwenyekiti naye alielewa. Nilimwona akifungua rozari yake na kuiweka mapajani.

Mzee alituuliza tunaenda wapi. Nilimwambia. Akaniuliza mtoto wangu wa kwanza ni nani, ili ajue aniite vipi, nikasema sina, na mwenye nyumba yangu amelala chini. Hakunipa pole. Aliendelea kumenya njegere.

"Na kanisa, kogo?" nikamwuliza. Kogo ni nyanya kwetu.

"Kanisa naenda. Nakaa nyuma. Padre akigawa, mimi naangalia."

"Huumii?"

"Naumia," alisema. "Kila Jumapili. Ulidhani utasikia nini?"

Mwenyekiti akasema, kwa adabu lakini kwa nguvu, kwamba Bwana ana huruma kwa anayerudi. Mzee akamjibu, kwa adabu ile ile, kwamba arudi wapi, na hawa awapeleke wapi? Akanyoosha kidole chenye ganda la njegere kwa watoto. Mazungumzo yakaishia hapo, chakula kikaja.

Wengi waliniuliza baadaye ni neno gani la yule mzee lililonigeuza. Hakuna neno. Baada ya kula mtoto mmoja wa kiume, wa miaka kama mitatu, alimpandia mapajani akalala. Mzee alilalamika. Alisema mtoto huyu ni mzito, ana miguu baridi, anakula kama mjenzi, mama yake amchukue. Mama yake alipokuja kumchukua mzee akamwambia, "Wacha kwanza." Akaendelea kulalamika, na hakusogea, mpaka mguu wake ukafa ganzi na ikabidi ainuliwe. Mimi nilikuwa nimeketi pale na mapaja yangu matupu. Nililia nikijifanya ni moshi.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi na mawe yalikuwa bado yamelala kwenye vivuli. Tulitembea mpaka kwenye lami. Hapo nikasimama nikawaambia mimi narudi.

"Umeumia mguu?" Mama Samaki akauliza.

"Hapana. Nilikuja kuuliza. Nimejibiwa."

Mwenyekiti aligeuka polepole. "Umejibiwa na nani?"

"Unajua."

"Jibu inatolewa kule mlimani. Si kwa jiko ya mtu." Sauti yake ilianza kupanda. "Mvua ya mawe imekuwa malaika siku hizi? Tumekata chai yote! Nimetembea na hii miguu! Na wewe umeshindwa na mtoto amelala?"

"Wewe uko na wako saba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

Hilo lilimchoma. Mama Samaki aliingia katikati na mzaha wake, akasema basi afadhali turudi wote tukale zile njegere, lakini alianza kulia wazi, barabarani, lori zikipita. Tulimwacha alie. Hakuna kati yetu aliyekuwa na mkono wa kumshika.

"Sisi tutaendelea," Mwenyekiti alisema mwishowe. "Kuna nia za watu. Na wewe tutakuombea."

"Niombeeni mnavyotaka," nikasema. Nilijua ataomba nini. Alikuwa ameniambia tangu mwanzo: nipate nguvu ya kukataa. Nikasimama nikawatazama wakipanda kuelekea Londiani, mmoja na gambuti, mmoja na raba zilizokuwa nyeupe, na nafasi yangu kati yao. Halafu nikagundua ni Mama Samaki aliyepaswa kuwa katikati, na sasa upande wake mmoja umebaki wazi. Nilikaribia kuwakimbilia kwa sababu hiyo moja tu. Sikuwakimbilia.

Walifika. Nilisikia kwa watu kwamba walifika siku ile ile ya Kupalizwa na wakarudi kwa gari la parokia, Mwenyekiti akiwa hawezi kukanyaga. Mimi siku hizo nilikuwa huku na huko na mama mkwe, tukipeleka maneno upande wa Longisa, kwa watu waliokuwa na binti mwenye mtoto mmoja na tabia nzuri.

Sasa, kwetu anayetoka safari hatangazi safari. Anakaa kwake, na waliobaki ndio wanaokuja, wanampa pole, wanakunywa chai, wanamwuliza habari za njia. Hapo ndipo anafungua mdomo. Hata mtoto anajua hivyo. Jumuiya nzima ilienda kwa Mwenyekiti, mwenye ng'ombe wa teke akawa wa kwanza. Mimi sikwenda. Nilijiambia nina kazi ya posa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekasirika: niende kunywa chai na mtu aliyepiga magoti kuombea nyumba yangu izimike? Niliona nikienda nitakuwa nimekubali. Basi wiki ikapita, na wiki ikishapita, kumpa mtu pole ya safari ni kichekesho.

Nilioa mwisho wa mwaka ule. Mama Samaki alikuja na beseni la samaki, akakaa jikoni siku nzima akichekesha watu, ingawa macho yake yalikuwa mlangoni. Mwenyekiti hakuja. Jumapili iliyofuata nilikaa nyuma kanisani, na padre alipogawa, niliangalia. Yule mzee alikuwa amesema kweli.

Mke wangu alikuwa msichana mzuri, mchapakazi, na nilimpenda kama binti. Sitajutia ndoa ile hata siku moja. Lakini mimba ya kwanza ilitoka, na mimi, badala ya kumshika mkono, nilisimama nje nikatazama ng'ambo ya njia ya ng'ombe, kwenye paa la Mwenyekiti, nikasema moyoni: hiyo ndiyo sala yako. Ng'ombe alikufa, nikasema hiyo ndiyo sala yako. Tulikuwa tunakutana pale majani yanaponunuliwa, vikapu mgongoni. "Chamge," anasema. "Chamge," nasema. Salamu ya watu wasiojuana. Wakati mwingine alisimama kidogo baada ya kusalimia, kana kwamba anangoja kitu, na mimi nilikaza mkanda wa kikapu nikapita. Nilidhani anangoja nitubu.

Halafu mtoto wa kiume alizaliwa, na baadaye wa kike, na nyumba ikajaa kelele na viatu vidogo. Nilifurahi kwa kiburi. Nilimbeba yule mvulana mpaka pale kwenye kununulia majani bila sababu, ili mtu fulani amwone. Alimwona. Alimshika shavu, akasema ni mzito. Nikajibu, "Ndiyo, ni mzito," nikageuka. Alikuwa amenyoosha mkono mpaka kwa mtoto wangu, na mimi nikageuka. Kitu hicho bado kinanila.

Mwaka mmoja mwishoni mwa miaka ya tisini presha ilimpiga Mwenyekiti akiwa shambani. Upande mmoja ulilala na maneno yakapotea. Nilienda kumwona pamoja na kundi la wanawake, nikasimama nyuma ya wengine, nikatoka na wengine.

Mwaka huo huo mume wa Mama Samaki alistaafu na wakaanza kufunga mizigo kurudi ziwani. Alikuja kuniaga mchana mmoja, akakaa pale pale jikoni, akamtazama mke wangu akipepeta mahindi na watoto wakigombea kopo. Nilimwambia, bila kujua kwa nini nasema siku hiyo, kwamba sala za watu wengine hazikufika mbinguni, asante Mungu.

"Sala gani?"

"Ya Mwenyekiti. Ile aliomba kule mlimani."

"Kwani unajua aliomba nini?"

"Aliniambia tangu mwanzo."

"Mimi nilikuwa hapo," Mama Samaki alisema. "Alipiga magoti kwa mawe. Aliomba na sauti, watu wote wanasikia, nikaona aibu. Alisema, 'Mama, nilitoka kwangu nikuombe huyu mtu akatae. Sasa nimefika na siwezi. Njia yote nimejaribu, imekataa kutoka mdomoni. Mpe nyumba yake. Lakini usininyang'anye yeye.' Hiyo tu. Akarudia rudia mpaka nikamwinua."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa karibu nipige kelele.

"Ungeambiwaje na hukuja? Watu wote walikuja kutupa pole. Yeye alikuwa ameweka kiti moja kando, hataki mtu akalie. Wiki mzima anaangalia hiyo njia ya ng'ombe. Nilimwambia, nikuitie? Akasema hapana, atakuja aulize, hii safari ilikuwa yake. Akanikataza kukuambia. Alisema habari ya kutoka Kedowa mpaka mlimani ni yako, ameiweka, atakupatia mwenyewe." Akafuta macho kwa kanga. "Mimi hata singeweza kukuambia vizuri. Nilikuwa nyuma na malengelenge. Yeye ndiye aliona njia."

Nilivuka ile njia ya ng'ombe jioni hiyo hiyo. Si mbali. Ukitupa jiwe linafika, na mimi nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo bila kuvuka. Nilimkuta nje, amekalishwa juani na blanketi magotini, mdomo umevutwa upande. Binti yake aliniletea kiti akaenda kuchemsha chai. Nilikaa mbele ya Mwenyekiti mahali anapoweza kuniona.

"Pole na safari," nikamwambia. "Habari ya njia?"

Jicho lake zima lilijaa maji, na akaanza kunisimulia. Sauti ilitoka bila maneno, nzito, ikipanda na kushuka, na mkono wake wa kushoto ukatembea hewani: hapa walipinda, hapa palikuwa na mteremko, hapa kitu kikubwa kilisimama, hapa walikaa chini. Alinionyesha miguu yake. Mahali fulani alicheka, kwa nusu ya uso, nikacheka naye bila kujua tunacheka nini. Mahali fulani alinyamaza akashika kifua, halafu akaendelea. Chai ililetwa ikapoa. Hakuharakisha. Alikuwa ameiweka muda mrefu na aliitoa yote, mpaka mkono ukapanda juu kabisa ukatulia, nikajua wamefika mlimani.

Kisha akanyamaza, akanitazama, akangoja. Sikuwa nimeelewa hata neno moja. Nikamwambia nimesikia.